Mlima Mkono wa Kushoto

Jumapili, 2 Agosti

Kwanza ieleweke: pale kwenye karo ninapofulia sikuanguka kwa uzee, nilianguka kwa sabuni. Hata msichana wa miaka ishirini akikanyaga kipande cha sabuni kilicholowa, chini anakwenda. Tofauti ni kwamba msichana akianguka watu wanacheka, mimi nikianguka watu wanaitisha kikao.

Leo mwanangu mkubwa amekuja kutoka mjini na futi. Nilidhani anataka kupima dirisha, maana kazi yake ni kuuza milango na vigae, na watu wa kazi hiyo hupima hata hewa. Kumbe anapima kitanda changu! Urefu, upana, anaandika kwenye simu. Nikamuuliza, "Unapima nini, wewe?" Akasema, "Naangalia kama kitaenea kwenye kile chumba cha nyuma kwangu, mama." Nikamwambia anayepimiwa pa kulala bila kuulizwa ni maiti, na mimi asubuhi nimekunywa chai mbili.

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu, binti yake huyo huyo mwenye futi. Ni fundi cherehani, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anasema hasira ikiandikwa haipandishi presha. Tutaona. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika matusi hakuhitaji cheti.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefua. Kiuno kimegoma kidogo. Nimekipuuza.

Jumapili, 9 Agosti

Wamekuja tena, baba na binti, wamekaa kwenye benchi langu kama mahakimu.

"Mama, siku ukianguka tena nani atakuokota?"

"Nitajiokota. Wewe ulipoanza kutembea nilikuwa sikuokoti, nakutazama tu unavyohangaika. Angalia sasa ulivyo na miguu mizuri."

"Bibi," mjukuu akaingilia, "mjini kuna choo cha ndani. Usiku hutoki nje."

"Nyamaza, mke mwenza. Umehongwa nini na baba yako?"

Akacheka, lakini hakukana. Msaliti. Nguo zangu zote anashona yeye, afadhali nitembee uchi kuliko kumpelekea nyingine.

Sasa niandike jinsi ahadi ya mlima ilivyotokea, maana jirani yangu tunayemwita Redio ameshaitangaza kwa maneno yake.

Nyumba yangu ni ya mwisho kabla ya msitu. Ukisimama mlangoni ukautazama mlima, njia ya kupandia iko kushoto, njia ya kurudia iko kulia. Wanaopanda wanauzunguka wote, wanapita kwenye ukingo wa lile shimo linalofuka moshi, na siku ya tatu wanatokea upande wa pili weusi kama makaa. Huko juu kuna vibanda viwili vya kulala. Mablanketi ya vibanda hivyo huletwa kwangu na wapagazi, nayafua mimi, tangu marehemu mume wangu akiwa mpagazi na meno yake yote. La kibanda cha msituni linanuka moshi wa kuni. La kibanda cha juu linanuka kiberiti, hata ulifue mara tatu. Nalijua lile la juu gizani, kwa pua. Lakini kibanda chenyewe sijawahi kukiona. Maisha yangu yote nimefua jasho la waliofika, mimi sijafika.

Basi mwanangu akasema, "Mama, ukubali tu, mwili umechoka." Neno hilo "umechoka" ndilo lililonipandisha. Nikasimama. Nikasema, "Nikiuzunguka mlima huu kwa miguu yangu nikarudi mlangoni hapa, utanitajia tena mjini?"

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Ukiuzunguka mlima, mama, mimi mwenyewe nitakuja kukufulia mablanketi."

"Sitaki unifulie, utayapasua. Nataka unyamaze."

"Sawa. Nitanyamaza. Na usipoweza?"

"Lete lori."

Redio alikuwa ukutani upande wa pili, anajidai anaanika nguo. Nikamwita: "Jirani, umesikia?" Akasema hajasikia kitu. Baada ya saa moja mtaa mzima ulikuwa unajua.

Jumanne, 11 Agosti

Nimepanda hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Magoti yanalalamika. Nimeyaambia yapeleke malalamiko mjini.

Alhamisi, 20 Agosti

Tangi mara mbili. Jua kali, hakuna wingu. Nimekwangua ule mchanga mweusi wa mlimani unaotoka kwenye mablanketi. Ukiwa mkavu unakimbia chini ya unyayo. Ukilowa pale chini ya karo unaganda kama saruji, mpaka nautoa kwa jembe.

Jumatano, 26 Agosti

Nimekwenda kuongea na Taratibu. Huyu ni kiongozi wa wapanda mlima, mtu mzima, mvi zimeanza. Ameitwa hivyo kwa sababu ndilo neno analosema kutoka chini mpaka juu. Alianza upagazi chini ya mume wangu.

Akanitazama miguu, kisha uso. "Bibi, magoti je?"

"Yapo mawili."

"Pumzi?"

"Unanisikia ninavyokugombeza? Hiyo ni pumzi."

Amekubali, kwa masharti. Kwanza, akisema tunashuka, tunashuka, hakuna mjadala. Pili, tutazunguka kama wote wanavyozunguka, mlima mkono wa kulia. Nikauliza kwa nini isiwe kushoto. Akasema upande wa kurudia kuna mteremko mrefu wa mchanga wa majivu. Kuushuka ni mchezo, unateleza nao kama mtoto. Kuupanda huwezi: hatua moja mbele, nusu yake inakurudisha. Hajamwona mtu aliyepandia upande ule.

Ijumaa, 4 Septemba

Mwanangu amepiga simu, anataka kuja nasi. "Nikusindikize, mama." Nikamwambia msindikizaji wa kweli hununua viatu vya kumtosha. Akasema ameshanunua, vya gharama. Najua anachokuja kufanya. Anakuja kunisubiri nichoke.

Alhamisi, 10 Septemba

Kesho. Nimechonga upya ncha ya fimbo ya marehemu. Mjukuu amekuja kuniaga na uso mrefu. Sikumpa kiti.

Jumanne, 15 Septemba

Naandika nikiwa nimelala, sina haja ya kuficha. Mwili wote unauma isipokuwa ulimi.

Siku ya kwanza ilikuwa msitu. Mizizi, matope ya kudumu ambayo hata kiangazi hakiyakaushi, na miti yenye ndevu. Mwanangu alitangulia mbele na viatu vyake, kila baada ya muda anageuka: "Mama, tupumzike?" Yaani anataka niseme ndiyo. Nikawa namjibu, "Pumzika wewe, nitakukuta." Jioni tukafika kibanda cha msituni. Nikaingia, nikakuta mablanketi yangu yamekunjwa yananingojea, na moshi ule ule. Nilijihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya barua alizokuwa akizipokea miaka yote.

Siku ya pili miti ikaisha. Yakaja mawe meusi yaliyoungua, mengine yamejaa vitundu kama mkate, yanakwaruza viganja ukiyashika. Hakuna kivuli. Upepo unapiga kutoka kila upande kama mtu asiye na adabu. Nilikwenda polepole, nikahesabu maneno ya kumtukana mwanangu badala ya hatua, na maneno hayakuisha mpaka tulipofika kibanda cha juu. Hapo ndipo nilipojua kiberiti kinatoka wapi. Nyuma ya kibanda ardhi ina nyufa, na moshi wa manjano unatoka humo kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikakaa juu ya jiwe la joto. Mwanangu hakula. Nikamuuliza, akasema ameshiba. Mtu aliyetembea kutwa anasema ameshiba! Nilipaswa kujua hapo, lakini nilikuwa nimeshughulika na kujivuna.

Siku ya tatu tulitoka alfajiri, tukapita kwenye ukingo wa shimo. Kulia kwetu shimo, kina chake sikukiona kwa moshi. Mbele yetu, juu, paliinuka Shingo, yale mapito membamba kati ya vilele viwili, ambayo ndiyo sehemu ya juu kabisa. Ukishavuka Shingo umebakiwa na mteremko tu hadi nyumbani. Niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa karibu kiasi cha kuweza kuitukana ikasikia.

Mwanangu akaanza kupepesuka. Mwanzo nilidhani anatania, anaiga mlevi. Kisha akakaa chini pale pale kwenye upepo na kuanza kufungua viatu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimefika nyumbani," akasema. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Akanitazama bila kunitazama. "Mama, toka kwenye maji."

"Maji gani? Hapa hakuna hata tone."

"Toka kwenye karo. Uso wako uko ndani ya maji. Nakuona hivyo kila usiku, mama, nafika mimi nimechelewa. Toka."

Mtu mzima mwenye kitambi na mvi mbili, analia kama alivyolia alipong'oka jino la kwanza. Nikapiga goti nikamfunga kamba za viatu, kama zamani.

Taratibu alipiga magoti, akamtazama macho, akamwambia ashike pua yake, akashindwa. Akasimama. "Mlima umemshika, Bibi. Lazima ateremshwe sasa hivi. Mbele ni kupanda, nyuma ni kushuka. Tunarudi."

Nilitazama Shingo. Sitadanganya, niliitazama zaidi ya mara moja. Kisha nikachukua fimbo ya marehemu, nikaichomeka kati ya mawe mawili makubwa, nikaisindilia kwa vijiwe mpaka ikakataa kutikisika. Nikaiambia, "Kaa hapo. Nakuja." Taratibu aliniona, akangoja.

Tukamshusha mmoja huku, mmoja huku. Mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu njia nzima. Fimbo nimeiacha juu, mimi mwenyewe nikawa fimbo. Tulipoingia msituni rangi ikamrudia, akauliza chai iko wapi, kama mtu aliyeamka kutoka usingizi wa mchana. Nilimzaba kofi dogo la bega kwa furaha. Akasema, "Sasa nimefanya nini?"

Jumapili, 20 Septemba

Amekuja, mzima, amenyoa. Ameleta matunda. Nikajua matunda yale yana neno nyuma yake.

"Mama, nashukuru ulivyonishusha."

"Haya."

"Lakini hukuzunguka."

Nikaweka kisu chini. "Rudia."

"Ulisema ukiuzunguka. Hatukuzunguka. Tulikwenda tukarudi njia ile ile. Ahadi ni deni, mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Nimeshaongea na mtu wa lori, Jumamosi ya tarehe kumi Oktoba."

Ningeweza kumwambia ni nani aliyenirudisha. Ningeweza kumwambia ningekuacha ukavua viatu. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Baba, hiyo si haki." Nikastaajabu. Baba mtu akamtazama mpaka akainamisha kichwa.

Mimi nikasema, "Huko juu uliniona ndani ya karo, nimekufa."

Akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, na kamasi juu. Sikiliza, mwanangu. Hofu yako naijua sasa, na naiheshimu, maana imetoka kwenye mapenzi. Lakini ni yako. Usinijengee chumba ndani yake ukaniambia nikalale humo."

Akachukua tunda moja, akaligeuza, akalirudisha. Nikadhani nimempata. Kisha akasema, polepole, "Tarehe kumi, mama." Akaacha matunda.

Sijayala. Nimempa Redio, akaeneze.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimefua kwa hasira. Blanketi moja limechanika.

Alhamisi, 24 Septemba

Taratibu kakataa. Anasema njia inafungwa mvua zikianza, na wingu limeshakaa juu ya Shingo. Nikamwambia fimbo ya mwalimu wako iko huko inalowa. Akainama, lakini akakataa.

Jumanne, 29 Septemba

Mvua.

Jumatano, 30 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mvua imekata mchana. Nilikuwa nakwangua karo, jembe likagonga ule mchanga ulioshikana, likatoa sauti kama kwenye sakafu. Nikaliacha jembe pale pale, nikaenda kwa Taratibu na mikono yenye povu.

"Ule mchanga wa upande wa kurudia," nikamwambia, "ukilowa unafanyaje?"

Akakuna kichwa. "Unashika. Baada ya mvua nzuri ya siku mbili unakanyagika. Ndiyo maana hatuupendi kushuka wakati huo, hauteremki, unavunja magoti."

"Mimi sishuki. Napanda."

Akanitazama kama nimemtusi mama yake. Akasema kule juu mawe yatakuwa yanateleza. Nikamwambia mimi nimeteleza kwenye sabuni, mawe ni nini? Akasema hajawahi kumpeleka mtu mlima ukiwa mkono wa kushoto. Nikamwambia basi yeye ndiye atakayejifunza, mimi sijui njia yoyote, zote kwangu ni mpya. Mwisho akacheka kwa pua. "Nikisema tunashuka, tunashuka."

"Nilikubishia mara ya kwanza?"

"Hukubisha," akasema. Na hakusema tena hapana.

Jumatano, 7 Oktoba

Mjukuu amekuja na kifurushi. Ameshona vifuniko vya turubai vya kufunga juu ya viatu, mchanga usiingie. Jozi tatu.

"Ya tatu ya nani?"

"Yangu. Na usinifukuze, mke mwenza. Nilinyamaza mara ya kwanza, nikaona haya mpaka leo."

Nikampa kiti.

Ijumaa, 9 Oktoba. Kibanda cha juu.

Naandika kwa tochi, nimejifunika blanketi langu lenye kiberiti, mjukuu anakoroma kama cherehani mbovu.

Jana tuliondoka kwa njia ya kulia, ile ya kurudia, na wanaotoka mashambani wakatupungia wakidhani tumepotea. Tulilala kwenye hema chini ya mteremko, mvua ikatupigia bati usiku kucha bila bati. Asubuhi ikakoma. Mteremko ulikuwa mweusi, umenyooka juu hadi ndani ya wingu, hauna jani hata moja.

Nikaweka mguu. Ukashika.

Si kwamba ilikuwa rahisi, asije mtu akasoma hapa akadhani ilikuwa rahisi. Taratibu alitangulia akikanyagia ngazi, mimi nikaweka mguu alipoweka, mjukuu nyuma. Mahali ambapo maji hayakuingia vizuri mchanga ulinirudisha, nikaanguka kwa viganja, nikapanda kwa mikono na miguu kama mtoto wa kutambaa. Pumzi ikawa ndogo, kama inayotolewa na mchoyo. Kila nilipotaka kukaa niliona lile lori linarudi kinyumenyume hadi mlangoni kwangu, na wanaume wawili wanatoa kitanda changu miguu juu. Nikainuka.

Tukavuka Shingo ndani ya wingu. Hakuna nilichoona! Watu huja kutoka mbali kuona dunia yote kutoka pale, mimi niliona mgongo wa Taratibu. Sikujali. Nilikuwa natafuta kitu kimoja.

Tulishuka kwenye mawe yanayoteleza, kwa makalio pale palipobidi. Kisha wingu likapasuka kidogo, na ile pale, imesimama kati ya mawe yake mawili, imelowa, haijasogea. Nikaishika. Ilikuwa baridi kama chuma.

Taratibu akavua kofia. "Bibi, umemaliza. Nusu ile na nusu hii, mzunguko umekamilika. Tukitaka tunarudi tulikotoka, kesho mapema tuko nyumbani. Huku kwingine ni kule kule tulikokwisha pita."

Mjukuu akasema, "Kweli, bibi. Nani atabisha?"

"Baba yako atabisha," nikasema. "Atasema nusu si nzima. Na safari hii atakuwa na haki, maana sikusema nitauzunguka vipande vipande kama shati unalolishona wewe." Nikaelekeza fimbo kwenye ukingo wa shimo, mlima mkono wa kushoto. "Twendeni."

Jumapili, 11 Oktoba

Lori lilikuwepo.

Tulishuka msitu wote jana kwa siku moja, nikatokea kwenye uzio wangu alasiri, matope hadi kiunoni. Mwanangu alikuwa amesimama uani na Redio na mtu wa lori, wote watatu wamenipa kisogo, wanatazama njia ya kulia, ile wanayotokea watu wote. Redio anasema, "Hawatarudi leo, mvua imewaharibia." Mwanangu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anaikunja, anaikunjua. Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo.

Nikamgusa bega kwa fimbo.

Akageuka, akanitazama mimi, akatazama njia niliyotokea, ambako watu huondokea tu. Akafungua mdomo.

"Ile ndiyo njia ya kupandia," akasema.

"Najua. Nimeshukia."

"Mmetoka wapi?"

Taratibu akajibu kwa niaba yangu. "Tumetoka kulia, tumerudi kushoto. Mzima mzima. Sijawahi kumwona mwingine aliyefanya hivyo." Redio tayari alikuwa ameshavuka uzio, mbio.

Mwanangu alikaa kwenye benchi. Akafunika uso, mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha kumbe vyote viwili. "Haya, mama," akasema. "Nimenyamaza."

"Bado unaongea."

Lori lilipanda tupu, likashuka tupu, na dereva hakuelewa kitu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mwanangu hajaondoka. Leo amekanda saruji, ameimwaga chini ya karo, ameikwaruza kwa ufagio kabla haijakauka ili miguu ishike. Nimemruhusu. Hakuniomba nihame, mimi sikumwomba atengeneze, tuko sawa.

Kesho ikikauka nitafua. Fimbo nimeichomeka pembeni ya karo. Atakayekuja tena na futi, aanze kwa kuipima hiyo.